Ngeli, Darasa au Tabaka? Historia Fupi ya Vitabu vya Uandishi wa Programu kwa Vitu

Mwalimu anayechagua kitabu cha kiufundi na mfasiri anayekifasiri wana haja moja: kujua dhana za kitabu hicho zilitoka wapi. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya vitabu vya uandishi wa programu kwa vitu, yaani ule ambao kila sehemu ya programu hubeba taarifa pamoja na shughuli zinazozihusu. Tunaamini kwamba asiyeijua historia hiyo hukosea mara mbili: huchagua kitabu kisichofaa, kisha hukipa istilahi zisizofaa.

Dhana hii ilizaliwa Norwei katika miaka ya 1960. Huko Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitafuta njia ya kuiga kwa kompyuta mambo ya dunia, kama vile foleni na mwendo wa kazi. Kutokana na juhudi hizo ilipatikana lugha ya Simula 67. Wazo la klasi, yaani kielelezo kinachoeleza vitu vya namna moja vina sifa zipi na vyaweza kutenda nini, walilikuza kutokana na mapendekezo ya C. A. R. Hoare ya mwaka 1965. Baadaye Alan Kay na wenzake wa kampuni ya Xerox, Marekani, waliunda Smalltalk na kutilia mkazo ujumbe ambao vitu hupelekeana.

Vitabu vilifuata. Adele Goldberg na David Robson walieleza Smalltalk-80 mwaka 1983. Bjarne Stroustrup akaeleza lugha yake ya C++ mwaka 1985. Bertrand Meyer, mwaka 1988, akafundisha kwamba kila kitu kina mapatano na wanaokitumia. Na mwaka 1994 Erich Gamma na wenzake watatu wakatoa “Design Patterns”, chenye vielelezo 23 vya usanifu.

Katika miaka hiyo kompyuta zilikuwa chache nchini. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, lakini amri ya mwaka 1974 ilizuia uingizaji wake, na kizuizi hicho kililegezwa polepole baadaye. Kwa hiyo istilahi zetu za kompyuta zilikua hasa kutokana na mahitaji ya mtumiaji. Hata Jambo OpenOffice, iliyotolewa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilimhudumia mtu anayeandika barua au kupanga hesabu. Mwandishi wa programu alibaki na Kiingereza chake.

Tumfikirie kijana wa Munanila, katika nyanda za juu za Kigoma, sehemu iliyokuwa ya Wilaya ya Kasulu kabla ya Buhigwe kuundwa mwaka 2012. Nyumbani husema Kiha, shule ya msingi husoma kwa Kiswahili, na sekondari hukabidhiwa Kiingereza. Akiambiwa kwamba klasi ni “darasa”, atafikiria chumba na mwalimu. Akiambiwa “tabaka”, atafikiria walio juu na walio chini. Lakini akiambiwa “ngeli”, atakumbuka kwamba neno likiwa katika ngeli fulani, upatanisho wake hufuata: kitu kidogo kimeanguka, vitu vidogo vimeanguka. Kiha nacho kina ngeli. Mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa ngeli ya sarufi haizai maneno ilhali klasi huzaa vitu. Hata hivyo kati ya maneno hayo matatu, hili ndilo linalopotosha kidogo zaidi.

“Urithi” nao wahitaji uangalifu. Katika mirathi mwenye mali huwa amefariki, na mali hugawanywa. Katika programu klasi ya awali ingali hai, wala haipungukiwi. Maana inayofaa ni ile ya mtoto kurithi macho ya mamaye. Inafaa kukumbuka pia kwamba Gamma na wenzake wanashauri kuunganisha vitu kabla ya kukimbilia urithi; kitabu kinachosifu urithi peke yake hakifai kuwa kiongozi.

Kwa hiyo twawashauri walimu hivi. Kwanza, mwanafunzi apewe kitabu chepesi cha lugha anayoitumia, chenye mazoezi. Pili, asome Meyer, katika chapa ya pili ya mwaka 1997, apate sababu za kanuni. Tatu, afikie vielelezo vya mwaka 1994 akiwa ameshaandika programu zake mwenyewe, maana dawa haifahamiki kwa asiyeujua ugonjwa. Na katika kila kitabu, mwalimu ajaribu kueleza sura moja kwa Kiswahili kabla ya kukinunua. Sura isiyoelezeka huonyesha ama kitabu kibovu ama istilahi inayokosekana. Na hiyo ya pili ndiyo kazi yetu sote.