Nani alipie mtoto wa Bungoma asomee uanahabari?

UZI 🧵 Mjadala wa karo za vyuo vikuu hauishi bila mtu kuuliza: kwa nini kodi yetu isomeshe wanahabari na kazi hazipo? Mimi nimesomea fani hii chuo cha umma, niko hapa Bungoma. Hebu tupitie historia kidogo kabla hatujaanza kurushiana maneno.

Serikali ilianza kufundisha watangazaji kwa sababu redio ilikuwa yake. KIMC ilianza 1961, ikawa inawaandaa watu wa Sauti ya Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua shule ya uandishi wa habari 1970. Runinga ya kwanza ya kibinafsi ilikuja 1990, kumbuka. Kabla ya hapo serikali ndiyo iliyosomesha, na kwenye utangazaji ndiyo iliyoajiri. Wakati huo sijui nani angesema eti kozi haina maana.

1991 ikaja sera ya kuchangia gharama. Ile posho wanafunzi waliita "boom" ikaenda. HELB ikaundwa 1995, na 1998 Nairobi ikaanza masomo ya "parallel" kwa wenye pesa zao. Sasa angalia: miaka hiyohiyo ndiyo redio za kibinafsi zilianza kufunguliwa. Nafasi ya kusema ilipanuka, mlango wa darasa ukabanwa.

Huku kwetu kilichotuokoa ni vyuo kusogea karibu. Masinde Muliro, Kakamega, ilipata hati 2013. Kibabii, hapa Bungoma, 2015. Mwanafunzi wa serikali alikuwa analipa ada ya masomo Sh16,000 kwa mwaka. Mkulima wa miwa angejikaza, hata malipo yakichelewa.

2023 ukaja mfumo mpya: ufadhili, mkopo na mchango wa familia, kulingana na kundi unalowekwa. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka Katiba, halafu Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Wazazi wamebaki katikati.

Sasa tuje kwa siasa yenyewe. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa 2009. Tangu hapo ahadi za kukifufua hazijaisha majukwaani. Anayeweza kumbana mgombea kuhusu hilo ni mtu aliyefundishwa kusoma ripoti ya ukaguzi, na anayelipwa akiifanya kazi hiyo.

Kwa mazoezi yangu ya kazi nilikaa miezi mitatu kwa stesheni moja, bila senti. Mikutano ikiisha, watu wa mwanasiasa wanagawa "nauli". Waliopokea hawakuwa watu wabaya. Wengine walikuwa na kodi ya nyumba, na mkopo wa chuo ukiwasubiri. Lakini habari zao za siku hiyo nilizisikia hewani, na hakuna hata moja iliyouliza swali.

Mgombea akija Kanduyi aseme atafuta kozi "zisizo na kazi", muulizeni nani atakaa bunge la kaunti siku ya bajeti, na nauli yake ataitoa wapi.