Mgeni wa Kusoma na Milango ya Nduguti

Aiachaye barabara kuu ya Singida na Nzega pale Iguguno, akashika njia ya kaskazini katikati ya mashamba ya alizeti na mtama, hufika Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, mji ambao ofisi zake bado ni changa kwa kuwa wilaya yenyewe ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Mwanafunzi wa Kimarekani anayekuja kukaa miezi kadhaa katika nchi hii, ili ajifunze lugha, au kilimo, au maisha ya Wahadzabe wa Munguli, hana budi kuzipitia ofisi hizo kabla hajatua mzigo wake. Ujio wake si jambo geni. Nchi ya Wanyiramba na Wanyisanzu imepokea wageni wenye kiu ya kujua kwa zaidi ya karne moja, na katika muda huo mlango wa kubishia hodi umehama mara nyingi, leo kwa mtemi, kesho bomani, keshokutwa misheni. Na aghalabu mgeni alijifunza yale tu ambayo mlango alioupitia ulimruhusu kuyaona.

Hapo kale idhini ilikuwa ya watemi na wazee, na misafara ya bara ilijua kwamba njia haipitiki bila ya zawadi na maneno mazuri. Mwezi wa Januari 1875 Henry Morton Stanley, aliyetumwa na magazeti mawili, New York Herald la Marekani na Daily Telegraph la London, aliingia nchi ya Wanyaturu na msafara wa mamia ya watu. Huko Vinyata ugomvi ukageuka vita vya siku kadhaa, roho zikapotea pande zote mbili, kisha akashika njia ya Iramba kuelekea Usukuma na ziwa kuu. Aliandika mengi juu ya safari hiyo na ulimwengu ukamsoma. Walakini alikuwa mpita njia mwenye bunduki, na mtu wa namna hiyo huondoka na habari za hofu yake mwenyewe kuliko habari za watu aliowapita.

Wajerumani walipoushika utawala walijenga boma Mkalama, mahali ambapo wilaya ya leo imerithi jina lake, na tangu hapo mgeni akawa anafikia kwa afisa. Mtaalamu wa jiografia Erich Obst, aliyetumwa na Jumuiya ya Jiografia ya Hamburg, alitoka hapo Mkalama mwaka 1911 kwenda kwa Wahadzabe, akatoa taarifa ya safari hiyo mwaka 1912. Na mwaka 1914 Otto Reche akachapisha kitabu kikubwa juu ya mila na vyombo vya watu wa pande hizi. Katika miaka ya 1930 akaja Ludwig Kohl-Larsen, aliyechimbua mabaki ya kale kandokando ya Ziwa Eyasi, akaandika kadhalika ngano za Wahadzabe, Wanyisanzu na Wanyiramba. Hao walikuwa wasomi wa kweli, wenye subira na kalamu njema. Lakini elimu waliyoichuma ilisafiri yote kwa Kijerumani, na wajukuu wa wale waliosimulia hawawezi mpaka leo kusoma walichosimulia babu zao.

Waamerika walianza kukaa, badala ya kupita, katika miaka ya 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imewaondoa wamisionari wa Leipzig, na kazi yao ya Iramba ikashikwa na Sinodi ya Augustana, kanisa la Kilutheri lililoasisiwa Marekani mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Skandinavia. Mmisionari asiyejua lugha hawezi kuhubiri, wala hawezi kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi; kwa hiyo mtu aliyekuja kufundisha alilazimika kwanza kufundishwa, na walimu wake walikuwa wapishi, wauguzi, wainjilisti na wazee wa jirani, ambao majina yao hayakuandikwa katika cheti chochote. Watu husifu hospitali za Kiomboi na Iambi, na ni haki yao kusifu, lakini mara chache husifiwa darasa hilo la jikoni na la barazani lililotangulia kila dawa na kila hotuba. Huko Kiomboi palikuwa pia na shule ya bweni ya watoto wa wamisionari, nao huenda wakahesabiwa kuwa wanafunzi wa mwanzo wa Kimarekani katika nchi hii, waliosoma masomo ya kwao ilhali wanasikia Kinyiramba nje ya dirisha. Katika kizazi hicho cha wamisionari alitokea Howard Olson, ambaye mwaka 1964 alitoa utafiti juu ya sauti na maumbo ya maneno ya Kinyaturu, akashughulika vilevile kuingiza tuni za Kiafrika katika nyimbo za kanisa. Alama ya mtu aliyekubali kukaa chini na kusikiliza.

Kuelekea Uhuru na baada yake milango ilibadilika upesi. Mwaka 1961 vijana wa Peace Corps waliletwa Tanganyika, wahandisi na wapima ardhi, wakiwa wamekwisha kufunzwa Texas na Puerto Rico. Mwaka 1963 utemi ukafutwa kwa sheria. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikawakusanya watu kutoka kaya zao za mbalimbali, na Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikampa mwenyekiti na halmashauri yake mamlaka ambayo zamani yalikuwa ya mzee mwenye kaya. Kwa upande wa pili wa bahari, sheria ya Marekani ya mwaka 1958 ya elimu kwa ajili ya ulinzi ilitoa fedha za kufundishia lugha za kigeni vyuoni, Kiswahili kikiwamo, hatta kijana akaweza kufika hapa na sarufi kichwani. Fauka ya hayo, tangu ilipoundwa Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa sheria ya mwaka 1986, mtafiti wa kigeni huanza safari yake Dar es Salaam kwa kuomba kibali, na kibali hicho huzaa barua, na barua huzaa barua: ya mkoa Singida, ya wilaya Nduguti, ya kata, mpaka meza ya mtendaji wa kijiji.

Hapo mezani pana kitabu cha wageni, kilichopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, atokako, madhumuni, sahihi. Mwanafunzi huandika, muhuri hugongwa juu ya barua yake, naye hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Mama wa nyumba atakayofikia humwonyesha ndoo, bafu la uani na mahali pa kuanika nguo, kisha huweka mbele yake ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Tonge lazima libonyezwe kwa kidole gumba, lichovywe, kisha mkono uzungushwe kidogo ili ute ukatike kabla haujafika kifuani. Na watoto wa nyumba hutazama mkono huo kwa makini kuliko mkaguzi wa shule. Asubuhi hujifunza kwamba shikamoo hutangulia swali lolote, kwamba baada yake huulizwa habari za nyumbani, za usiku, za kazi, za safari, na kwamba mtu anayeruka moja kwa moja kwenye haja yake huonekana kama mwenye kudai deni.

Katika siku hizo mgeni hafanyi utafiti. Yeye ndiye anayetafitiwa. Wazazi wako hai? Mko wangapi kwa mama? Umeoa? Kwenu mnalima nini, na mvua huja mwezi gani? Haya si maswali ya udadisi mtupu, maana mtu asiye na ukoo unaojulikana hana pa kuwekwa katika adabu ya mahali, hajulikani amwite nani baba, amtanie nani, wala amkwepe nani. Ikiwa amefika mwezi wa Desemba, wakati mvua imeshika na kila mkono unatakiwa shambani, basi ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu hutimizwa kwa jembe la chuma lenye mpini, na tuta lililopinda humfunza zaidi ya daftari lake.

Wala asidhani kwamba Kiswahili alichokisoma chuoni kinamweka chini ya mwenyeji wake peke yake. Katika eneo hili na viunga vyake hukutana lugha za asili mbalimbali ambazo hazina udugu, Kinyiramba na Kinyisanzu za Kibantu, Kidatoga ya Kiniloti, Kiiraqw ya Kikushi, na Kihadza isiyo na jamaa ajulikanaye. Kwa hiyo mzee wa Mkalama naye alijifunza Kiswahili, labda shuleni, labda mnadani, na yeye na kijana hukutana juu ya lugha ambayo hakuna aliyezaliwa nayo kati yao. Usawa huo wa barazani haukuwako kwa Obst, aliyetoka bomani, wala kwa Stanley, aliyetoka kwenye bunduki.

Imebaki kasoro moja ambayo desturi zetu hazijaitengeneza. Tumeweka taratibu kamili za kumwingiza mgeni wa kusoma, barua kwa barua na muhuri kwa muhuri, lakini za kumtoa hatuna ila kuagana na kumpa kuku wa njiani. Mtafiti hutakiwa kuwasilisha ripoti kwa Tume huko Dar es Salaam, nayo huwekwa huko, ilhali kijiji kilichomfundisha kula, kusalimu na kulima hakina hata ukurasa mmoja. Maadam Nduguti sasa ni makao makuu, yenye makabati na watumishi wake, haitakuwa vigumu kumwambia kila mwanafunzi siku ile ile anapotia sahihi katika kitabu cha wageni kwamba nakala ya kazi yake, kwa Kiswahili, ndiyo ada ya walimu wake, na kwamba itadaiwa kabla barua ya kumuaga haijagongwa muhuri.