Cup ya Kaunti: Rada Yote Kabla Timu ya Mtaa Wako Iingie Kiwanjani

Kila mwaka risto huwa ile ile. Poster inabandikwa pale stage, jina la gavana ama mheshimiwa limeandikwa na herufi kubwa kuliko neno "mpira", na timu ya mtaa inaanza kuchangisha doh ya jezi. Lakini uliza mbogi hii cup inaendaje, na ukishinda unaenda wapi, utaskia kila mtu na story yake. Wacha tukuchanue.

Cup ya kaunti ni nini?

Ni shindano la mtoano la timu za mtaani. Ukipigwa, unaenda hao. Mara nyingi linaanzia kwa wadi, mabingwa wa wadi wanakutana kwa kaunti ndogo, halafu mabingwa wa kaunti ndogo wanapigania kombe lenyewe. Kuna zenye zinaanza na makundi kwanza ndio kila timu ipate angalau mechi kadhaa kabla ya kuaga.

Kwa nini isianze juu moja kwa moja? Fanya hesabu ya Nairobi. Tuko na kaunti ndogo 17, jumla wadi 85. Kila wadi ikitoa timu moja tu, unahitaji mechi 84 kupata bingwa, juu kila mechi inatoa timu moja. Hizo zote huwezi chezesha kwa kiwanja kimoja.

Mombasa nayo ina wadi 30 na kaunti ndogo 6. Mabingwa sita hawatoshei robo fainali, na nusu fainali wamezidi. Kwa hivyo waandalizi wanaweza pitisha wawili bila kucheza, ama warudishe waliopoteza kwa karibu, ama wafanye makundi mawili ya timu tatu. Hapo ndio vita huanzia. Hakikisha mnajua ni gani itatumika kabla filimbi ya kwanza ilie.

Doh ya nani?

Katiba ya 2010, kwa Ratiba ya Nne, iliwapea kaunti kazi ya michezo na viwanja vya michezo. Serikali za kaunti zilianza kazi 2013. Maana yake ni hivi: kaunti ikiweka pesa kwa hiyo cup, hiyo ni kodi ya mama yako, si zawadi ya mtu. Uko na haki ya kuuliza bajeti, na uko na haki ya kuuliza kwa nini kiwanja chenu bado kina mashimo na fainali ni wiki ijayo.

Ukishinda unapanda ligi?

Zii. Hapa ndio wasee wengi huchomeka. Cup ya gavana inakupea kombe, doh na jina. Haikupandishi daraja. Kupanda ni kupitia ngazi za FKF: chini kabisa kuna ligi za kaunti ndogo na kaunti, juu yake ligi ya mkoa, kisha Division Two, Division One, National Super League, halafu Premier League.

FKF pia wako na cup yao ya nchi nzima, na hapo timu ndogo inaweza pangwa na giant wa Premier League. Bingwa wake hupata tiketi ya CAF Confederation Cup. Kwa hivyo kama ndoto ya timu yenu ni kupanda, jisajilini ligi kwanza, cup ifuate. Sheria ya Michezo ya 2013 pia inataka klabu isajiliwe na Msajili wa Michezo. Hizo makaratasi zinasaidia hata mkitafuta sponsor.

Mbona basi ucheze?

Juu ya macho yenye yanakucheki. Angalia Koth Biro, ile cup ya pale Ziwani, kiwanja cha Umeme. Jina ni la Kijaluo, "mvua inakuja". Imekuwa ikichezwa tangu miaka ya 70, mwisho wa mwaka, na si ya gavana yeyote. Mabeki wa Premier League hushuka hapo kucheza na vijana wa mtaa, na makochi husimama kando ya laini wakicheki nani ako na mguu. Dakika 90 mbele ya umati kama huo zinaweza kukupeleka mahali CV haiwezi.

Mambo manne ya kupanga mapema

Kwanza, mamluki. Timu nyingi hazitolewi na mabao, zinatolewa na rufaa. Mkileta striker wa mtaa mwingine na jina la binamu yake, mnaweza pokonywa ushindi hata mkishinda nne bila. Bebeni vitambulisho halisi.

Pili, namba. Sheria za mpira zinasema mechi haiwezi anza timu ikiwa na wachezaji chini ya saba. Fainali ya Jumapili asubuhi baada ya sherehe ya Jumamosi imeua ndoto za watu.

Tatu, doh ya ushindi. Andikeni chini jinsi itagawanywa kabla ya mechi ya kwanza, kila mchezaji aweke sahihi. Kuna timu kibao zenye zilishinda cup na zikavunjika wiki hiyo hiyo juu ya bahasha moja.

Nne, majeraha. Uliza waandalizi swali moja: mtu akivunjika mguu, nani analipa? Kama jibu ni "tutaona", jua ni harambee itafanywa na mama yako. Huyo msee anaweza kuwa wewe, na hiyo goti ndio unatumia kwa mjengo Jumatatu.

Sai tumia kapteni wenu hii, kabla fomu zifungwe.