Kunakili Faili Pamoja na Mpangilio Wake: Historia Fupi ya Dhana na Istilahi

Kila karani wa masijala anajua kwamba mahali pa jalada ni sehemu ya habari zilizomo ndani yake. Kompyuta nazo zilipaswa kufundishwa jambo hili, na hilo lilichukua miaka.

Mfumo wa Multics, ulioelezwa nchini Marekani mwaka 1965, ulipanga faili kwa mfano wa mti wenye shina na matawi; Unix ikaurithi mpango huo. MS-DOS ilianza mwaka 1981 bila matawi. Saraka, yaani makasha ya kuwekea faili, zilipata kuwekwa moja ndani ya nyingine katika toleo la 2.0 la mwaka 1983. Hata hivyo, amri ya COPY iliendelea kunakili faili za saraka moja tu. XCOPY, ambayo ikiongezewa alama /S hushuka hadi matawini, ilikuja na toleo la 3.2 mwaka 1986.

Tuchukue mfano wa kata ya Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara. Tuseme kumbukumbu zimepangwa kwa kata, na kila kata ina faili iitwayo KOROSHO. Karani akizinakili saraka hizo moja moja kwa COPY kwenye diski moja, KOROSHO ya kata jirani itaifuta ile ya Kitaya. Katika matoleo ya awali, ilifutwa bila mtu kuulizwa. Hata XCOPY yenye /S huiruka saraka tupu, kama vile MAFURIKO iliyofunguliwa ikisubiri taarifa. Sharti iongezwe /E. Katika Unix, kazi hiyo hufanywa na cp yenye -R.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na Kiswahili kikadhihirisha uwezo wake katika uwanja huu. Lakini neno *kunakili* peke yake halitofautishi vitendo hivi viwili. Tunapendekeza *kunakili* libaki kwa faili zenyewe, na *kunakili kwa matawi* litumike kwa faili pamoja na saraka zake zote, zikiwamo zilizo tupu. Mfasiri wa miongozo ya ofisi asipoitaja tofauti hiyo, karani atatii maagizo barabara, na hesabu za korosho za Kitaya zitapotea.