Kuta kwanza, muuguzi baadaye: miaka sitini ya Wakenya kuomba fedha za zahanati na vyuo vya ufundi

Mwaka 1966 Baraza la Makanisa nchini Kenya, NCCK, lilichapisha ripoti iliyouliza swali lililokuwa likiwasumbua wazazi kote vijijini: mtoto akimaliza shule ya msingi, anaenda wapi? Uhuru ulikuwa na umri wa miaka mitatu. Madarasa ya msingi yalikuwa yamefurika, nafasi za sekondari zilikuwa chache, na kazi za mjini chache zaidi. Jibu la makanisa halikuwa na makeke. Tafuta banda la bei nafuu, mwite fundi seremala anayejulikana hapo hapo, weka cherehani kadhaa, kisha wafundishe vijana kutengeneza vitu ambavyo majirani zao watavinunua. Ndivyo zilivyozaliwa politekniki za vijiji.

Waanzilishi wa mpango ule walitaka jengo ligharimu kidogo ili senti zilizopo zimlipe mwalimu na kununua vifaa. Serikali nayo ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, politekniki zilizokubaliwa zilipewa ruzuku ya kusaidia malipo ya walimu. Mtu alitangulia, ukuta ukafuata. Ukichunguza jinsi Wakenya walivyoomba fedha za umma kwa ajili ya matibabu na mafunzo ya kazi tangu wakati huo, utaona mpangilio huo ukipinduliwa karibu kila awamu. Na waliokuwa wakiupindua walijua vizuri walichokuwa wakifanya.

Kabla ya uhuru, mwananchi wa kawaida hakuwa na mlango wa kubisha. Mabaraza ya Wenyeji, yaliyoundwa katikati ya miaka ya 1920, yaliruhusiwa kutoza kodi ndogo za ziada, na sehemu ya kodi hizo ilikwenda kwenye shule na zahanati, ila mkuu wa wilaya wa kikoloni ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Pwani maombi yalipita juu kwa juu, mkubwa kwa mkubwa. Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa ufupisho wake wa MIOME, ilianzishwa mwaka 1948 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951 ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Fedha zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, kwa Aga Khan, kwa Mabohora na kwa serikali ya Uingereza. Taasisi hiyo ndiyo leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Jomo Kenyatta alipoitangaza Harambee siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963, hakuwa akibuni kitu kigeni. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, na hakuna jamii nchini iliyokosa utaratibu wake wa kusaidiana shambani na kwenye ujenzi. Kilichokuwa kipya ni mkataba usioandikwa kati ya kijiji na serikali. Wanakijiji huchanga, hufyatua matofali, huezeka paa. Kisha hugeuka na kuiambia Wizara ya Afya: sisi tumemaliza letu, sasa tuleteeni muuguzi na dawa. Jengo lenyewe ndilo lililokuwa barua ya maombi.

Ilikuwa barua kali. Wizara ilikuwa na mipango yake ya mahali pa kuweka vituo, na tangu 1965 matibabu ya wagonjwa wasiolazwa yalikuwa bure, kwa hiyo kila kituo kipya kilikuwa mzigo mpya kwa bajeti. Maofisa wakaanza kudai kwamba mradi wowote uidhinishwe kabla ya kujengwa. Watu waliendelea kujenga. Walijua jambo ambalo wapangaji wa Nairobi hawakulijua, au walijifanya hawalijui: hakuna mbunge atakayethubutu kupanda jukwaani kusema kwamba zahanati ya watu wake isifunguliwe. Zahanati nyingi zilipata muuguzi kwa njia hiyo. Nyingine zilibaki na milango iliyofungwa kwa kufuli na majani yaliyofika madirishani.

Siasa ilikuwa ndani ya Harambee tangu mwanzo. Mchango ulihitaji mgeni wa heshima, naye alihitaji umati. Kiasi alichotoa kilitangazwa kwa kipaza sauti, na aliyetoa kidogo alikumbukwa kwa udogo wake hadi siku ya kupiga kura. Kwa Ikulu utaratibu huu ulikuwa na faida ya pembeni: mbunge aliyekuwa mbioni kutafuta mabati ya zahanati hakuwa na muda mwingi wa kuihoji serikali bungeni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 moto wa Harambee ulihamia kwenye vyuo vya ufundi, na hapa fahari ya kikabila na ya kimkoa ilifanya kazi ambayo hakuna wizara ingeiweza. Waluo walikuwa na Taasisi ya Ramogi, RIAT, Kisumu. Waluhya walichanga kwa ajili ya WECO huko Kakamega. Nyeri kukawa na Kimathi, Kiambu wakawa na chao. Katika sehemu nyingine wakulima wa kahawa walikatwa kiasi fulani cha malipo yao ili chuo kisimame. Hakuna aliyetaka kuachwa nyuma, na katika miaka michache nchi ikapata vyuo ambavyo serikali peke yake ingechukua muda mrefu kuvijenga. WECO leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na Kimathi ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Ni mafanikio, bila shaka. Ila fundi wa mabomba na mchomeleaji, ambao kwa jina lao michango ile iliombwa, ilibidi watafutiwe mahali pengine pa kusomea.

Hata politekniki za vijiji ziliponyoka mikononi mwa waliozianzisha. Nia ilikuwa kijana ajifunze kwa kufuata mahitaji ya kijiji, asiwe mtumwa wa mtihani. Wazazi hawakukubali. Walitaka cheti, wakasukuma mpaka vyuo vikaanza kuwaandaa wanafunzi kwa majaribio ya ufundi ya serikali yenye madaraja yake. Wataalamu walisikitika wakisema wazazi hawakuelewa falsafa ya mpango. Mimi naona wazazi walielewa vizuri sana. Nchi iliyokuwa ikimwajiri mwenye karatasi haikuwa na haki ya kumwambia mtoto wa maskini aridhike na ujuzi usio na karatasi.

Kuanzia Julai 1983 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilileta utaratibu wa kuzifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo. Kwa maandishi, ulikuwa mzuri: ombi la zahanati lianzie mashinani, lipande ngazi hadi Kamati ya Maendeleo ya Wilaya, kisha liingie kwenye makadirio ya bajeti. Lakini mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya alikuwa mtu wa Rais. Zama za KANU, chama kilichotawala, zilikuwa na msemo wake, siasa mbaya maisha mabaya, na maeneo yaliyoonekana kuasi yalifahamu maana yake kila bajeti iliposomwa. Harambee haikufa, ilibadilishwa sare. Hospitali za wilaya zilichangiwa wodi zilizopewa jina la Nyayo, kaulimbiu ya Moi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ukiwa na masomo ya useremala na ushonaji, wazazi ndio walioambiwa wajenge karakana. Mwishoni mwa 1989 mgonjwa naye akaingizwa kwenye orodha ya wachangiaji, kwa ada za matibabu zilizoitwa kugawana gharama.

KANU ilipoondoka madarakani Desemba 2002, chuki dhidi ya utaratibu huu wa kuomba ilikuwa imeiva. Sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 iliwawekea mipaka kwenye michango, na mwaka huo huo bunge likapitisha sheria iliyobadilisha kabisa njia ya fedha: Hazina ya Ustawishaji wa Maeneobunge, CDF. Anayehusishwa zaidi na wazo hilo ni mhandisi Muriuki Karue, aliyekuwa mbunge wa Ol Kalou. Asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali ingetengwa kwa maeneobunge yote 210. Robo tatu ingegawanywa sawa kwa sawa, na robo iliyobaki ingefuata viwango vya umaskini. Eneo la upinzani lingepata, eneo la waziri lingepata, na hakuna mkuu wa wilaya wa kupigiwa magoti.

Mgao wa kwanza, wa mwaka wa fedha 2003/04, ulikuwa shilingi milioni 6 kwa kila eneobunge. Baadaye zikawa makumi ya milioni. Tusiubeze mfuko huu, kama wengi wa Nairobi wanavyopenda kufanya. Kuna sehemu za Kaskazini na za bara ya Pwani ambako jengo la kwanza la serikali ambalo wazee walilishuhudia likimalizika kwa wakati lilikuwa la CDF. Watu walikutana kwenye mabaraza ya lokesheni, wakataja wanachotaka, na mara nyingi waliyoyataja yalikuwa yale yale: darasa, maji, zahanati, karakana ya vijana.

Tatizo lilikuwa katika maumbile ya fedha zenyewe. CDF ilikuwa fedha za maendeleo: ilijenga, lakini haikuajiri. Mshahara wa muuguzi ni gharama ya kila mwezi kwa miaka thelathini, na mbunge ana miaka mitano. Jengo huisha, huwekwa bamba lenye jina, hupigwa picha. Kwa hiyo zahanati zikaota kila upande, na Wizara ya Afya ikajikuta pale pale ilipokuwa katika siku za Kenyatta, ikikabidhiwa funguo za majengo ambayo haikuyapangia watumishi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alikuwa akirudi na ripoti za miradi iliyokwama au kukamilika bila kutumika. Kamati za CDF zilijitetea kwamba wao si waajiri, na kwa mujibu wa sheria walikuwa sahihi.

Mwaka 2009 serikali ya mseto ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi. Ndani yake mlikuwa na kituo cha afya cha mfano kwa maeneobunge, vibanda vya jua kali, na, kwa nadra ya ajabu, watu: wauguzi 20 kwa kila eneobunge, kwa mkataba. Wauguzi wale walikuwa ungamo la serikali kwamba kuta zilikuwa nyingi kuliko mikono. Lakini mkataba ni mkataba, una tarehe ya mwisho.

Katiba ya 2010 ilipaswa kumaliza ubishi. Jedwali lake la Nne linaziweka zahanati, vituo vya afya na hospitali za mashinani chini ya kaunti, na halikusahau kuzitaja politekniki za vijiji. Aliyejenga sasa angekuwa ndiye anayeajiri. Wabunge walijibu kwa kupitisha sheria mpya ya CDF mwaka 2013, na mashirika ya kiraia yakaenda mahakamani. Mahakama Kuu iliibatilisha Februari 2015. Bunge likatunga nyingine, likaongeza maneno ya serikali ya kitaifa mbele ya jina, ikawa NG-CDF. Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, Mahakama ya Juu ilitamka kuwa sheria ya 2013 ilikiuka katiba. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hivyo hivyo kuhusu sheria ya 2015, na kuagiza hazina hiyo ikome tarehe 30 Juni 2026. Julai 2025 wabunge waliunga mkono, kwa zaidi ya theluthi mbili, mswada wa kuiandika hazina hiyo ndani ya katiba yenyewe. Ni mambo machache yanayowaunganisha wabunge wa Kenya kiasi hicho.

Baada ya sheria ya 2015, mbunge hakuruhusiwa tena kujenga zahanati, kwa kuwa hiyo ni kazi ya gavana. Lakini elimu ya juu ya ufundi ni ya serikali ya kitaifa, na hapo ndipo mlango ulipobaki wazi. Wabunge wakamiminia fedha kwenye karo za wanafunzi, kwenye taasisi za kiufundi, na zaidi ya yote kwenye matawi ya Chuo cha Mafunzo ya Kitabibu, KMTC. Chuo hicho, ambacho huhesabu historia yake tangu 1927, sasa kina matawi zaidi ya 70. Eneobunge likitoa ardhi na jengo, tawi linaweza kuja; na tawi likija, nyumba za kupanga hujaa, vibanda vya chakula hufunguliwa, na wazazi hufurahi kwamba binti yao atasomea uuguzi bila kwenda mbali. Ni mradi wa afya na wa mafunzo ya kazi kwa pamoja, na sioni mbunge mwenye akili timamu ambaye angeukataa.

Wahitimu ni kazi nyingine. Mshahara wa muuguzi wa zahanati sasa hutoka kaunti, na kaunti nyingi hulalamika kwamba mishahara tayari inakula sehemu kubwa mno ya bajeti zao, hivyo huajiri kwa kusitasita au kwa mikataba mifupi. Eneobunge linafundisha, kaunti haiajiri, na kila upande una kifungu cha sheria cha kuonyesha. Julai 2021 serikali ya Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wahudumu wa afya kufanya kazi katika hospitali za huko. Walengwa waliotajwa walikuwa wauguzi Wakenya waliohitimu na ambao hawakuwa na ajira nyumbani.