Shevale ya gitare: toka kisanji mpaka gitare ya umeme

Bazee wa Katanga wakizungumza juu ya muziki wa zamani, wanataja wapigaji, wanataja nyimbo, wanataja mabare ambamo watu walicheza mpaka asubuhi. Shevale hawaitaji. Shevale ni kile kidaraja kilicho juu ya mwili wa gitare, upande wa mkono unaopiga, ambacho nyuzi zote zinakipanda mbele ya kufungwa. Ni kitu kidogo, mtu anaweza kukiweka katika mufuko wa shati. Sisi katika chama chetu tulipoteza kimoja, na hasara ile ndiyo imetufanya tuandike kurasa hizi.

Tunajua kuna wasomaji watakaouliza: gitare ya umeme inaingia namna gani katika kitabu cha desturi? Tunawajibu kwa kisanji. Angalieni kisanji cha babu zetu, ambacho watu wa Kinshasa wanakiita likembe. Vile vijiti vya chuma vinalala juu ya kipande kimoja kilichoinuka, na kipande kingine kinavikandamiza kwa nyuma. Mpigaji akitaka kulinganisha sauti, anasukuma kijiti mbele ao anakivuta nyuma. Kijiti kikitoka kirefu, sauti inashuka. Kikiwa kifupi, inapanda. Kile kipande kilichoinuka, njo shevale. Na ile kazi ya kusukuma na kuvuta ndiyo kazi ileile ambayo fundi wa gitare anaifanya leo kwa turnevisi. Tofauti moja ni hii: kwenye kisanji wazee walitia makusudi vipete vya chuma ili kilie zzz, kwa sababu sauti tupu ilikuwa kwao sauti isiyo na chumvi. Mpigaji wa gitare akisikia zzz ile kwenye shevale, anatafuta fundi.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alipopita Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alimrekodi kijana mmoja wa Bunkeya, Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke. Gitare yake haikuwa ya umeme. Kwenye gitare za namna ile shevale ni mti uliogundishwa juu ya ubao wa mbele, na juu ya mti kuna kamfupa kembamba. Hakuna visi. Kama fundi wa kiwanda alikosea kipimo, wewe mpigaji utakufa na kosa lile. Hapa tuseme neno pembeni: Bunkeya ya Msiri ilikuwa mji wa watu waliojua kuvuta waya. Wayeke walichukua shaba iliyoyeyushwa na kuivuta mpaka ikawa nyembamba, wakafanya bangili. Kwa hiyo mutoto wa Bunkeya kushika waya na kuufanya useme, kwetu sisi si jambo la kushangaza sana.

Gitare ya umeme ilifika Léopoldville katika miaka ya 1950. Wengi wanamtaja Mbeleji Bill Alexandre, aliyefanya kazi na nyumba ya diski CEFA, kuwa alileta mfano wake. Wakati uleule kule Marekani mafundi walikuwa wanashindana juu ya shevale. Mbele ya hapo, gitare kubwa zenye tumbo zilikuwa na shevale ya mti iliyosimama tu, bila gundi, imeshikiliwa na uzito wa nyuzi. Ukiigonga, inahama, na sauti yote inaharibika. Leo Fender, kwenye gitare yake ya mwaka 1950 ambayo baadaye iliitwa Telecaster, aliweka bamba la chuma na juu yake vipande vitatu vya shaba ya manjano, kila kipande kinabeba nyuzi mbili. Mwaka 1954 Gibson ilitoa shevale iliyoitwa Tune-o-matic, kazi ya Ted McCarty: vipande sita, kila uzi na chake, kila kimoja na visi yake. Mwaka uleule Fender akatoa Stratocaster, nayo ya vipande sita, lakini shevale nzima inayumba juu ya resori ili mpigaji aitikise sauti kwa mkono.

Kwa nini kila uzi uwe na kipande chake? Kwa sababu uzi munene na uzi mwembamba havitaki urefu mmoja. Kwenye gitare za Fender urefu wa uzi ni milimita 648, na chuma cha 12 cha shingo kinakaa nusu yake, yaani 324. Lakini unapokandamiza uzi, unauvuta kidogo, na sauti inapanda kuliko hesabu. Uzi munene unapanda zaidi. Kwa hiyo fundi anarudisha kipande nyuma, uzi unakuwa murefu kidogo, makosa yanafutika. Kuhakikisha ni rahisi: gusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha 12 na uupige, kisha ukandamize palepale na uupige tena. Kama ule wa kukandamiza uko juu, rudisha kipande nyuma. Kama uko chini, kilete mbele. Sauti mbili zikikutana, acha, usiguse tena.

Sasa Wakongo waliiletea shevale ile kazi ambayo Wamarekani hawakuiwaza. Ni mi-composé. Uzi wa nne, ule munene wa re, unatolewa. Mahali pake unawekwa uzi mwembamba unaofungwa kwa re ya juu. Njo sauti ile inayongaa katikati ya gitare ya solo na ya akompanyema, ambayo inafanya mutu ajue kwamba orkestre hii ni ya kwetu. Nani aliianza? Wengine wanasema Franco, wengine wanasema Docteur Nico, na kwenye bare tumeona watu wanakosana juu ya jambo hili, hatutaamua hapa. Tunasema tu yale ya fundi. Kipande cha re kilikuwa kimerudishwa nyuma kwa ajili ya uzi munene. Ukiweka uzi mwembamba pasipo kukileta mbele, kila sauti ya juu ya shingo itakuwa chini kidogo. Tena mfereji uliochongwa kwa uzi munene ni mupana mno: uzi mwembamba unachezacheza ndani yake na kulia. Na kwenye shevale ya vipande vitatu, re na sol vinakaa kwenye kipande kimoja, utavuta kwa nani? Wapigaji wengi waliishi na kosa lile miaka na miaka, wakalificha kwa vidole. Vidole vyao vilikuwa vizuri, tusikatae.

Juu ya chuma chenyewe kuna maneno mengi. Shaba ya manjano ni shaba na zinki. Vyote viwili vimetoka katika udongo wetu: ghala ya kuyeyushia shaba hapa Lubumbashi ilianza mwaka 1911, na Kipushi ilitoa shaba na zinki mpaka mgodi ukafungwa 1993, ulirudi kutoa zinki mwaka 2024. Gitare za bei ndogo zina shevale ya zamak, yaani zinki iliyochanganywa na aluminyumu, manyezi na shaba kidogo, inayomiminwa katika kalibu. Hata Fender wenyewe, miaka ya 1970, walitia zinki ya kumimina kwenye Stratocaster mahali pa chuma kigumu, na mpaka leo kuna watu wanaitoa na kurudisha chuma. Je, sauti inabadilika? Sisi tunaona inabadilika, lakini si kwa kipimo kile ambacho wauzaji wanasema. Nyuzi mpya na mikro nzuri vinafanya zaidi. Shevale ikilegea, mfereji ukiwa na meno, visi ikiwa imekula, hapo ndipo nguvu ya uzi inapotea na sauti inakufa mapema, hata kama chuma ni cha zahabu.

Hasara yetu ilianzia hapo. Chama kina gitare moja ya Kijapani ya miaka ya 1970, tuliachiwa na muzee mmoja aliyeipigia mi-composé maisha yake yote. Mwaka 2011 kijana wetu, kwa nia nzuri, alinunua sokoni shevale mupya iliyongaa. Miguu yake miwili haikulingana na mashimo. Alitoboa mengine. Shevale ya zamani aliitia katika ndoo pamoja na robine zilizoharibika, na ndoo ile ikauzwa kwa kilo, mitrai. Muzee alikuwa ameichonga kwa mkono wake mifereji yote sita. Hakuna aliyekuwa ameipiga picha, hakuna aliyepima.

Shevale mupya ilikata nyuzi tatu kwa juma mbili. Kisha fundi mmoja wa kwetu alikubali kuishika gitare. Aliziba mashimo manne kwa mti wa mulombwa, akatoboa mawili mahali pa zamani, akiyatafuta kwa alama ya rangi iliyobaki kwenye mbao. Vipande sita alivikata toka robine kubwa ya shaba ya manjano, akavilainisha kwa tupa siku tano. Mjane wa muzee alikuja kusikiliza. Alikaa, akasikiliza wimbo mzima, akasema: “Inakaribia. Lakini ya kwake ilikuwa inalia kidogo pale kwenye re, naye alikuwa anapenda vile.”

Fundi hakujibu. Alichukua gitare, akafungua uzi wa nne, akaanza kupanua mfereji polepole.