Kifaru kilichoendeshwa na injini tano za magari

Mwezi Juni mwaka 1940, Ufaransa ilipokuwa ikisalimu amri kwa Ujerumani, serikali ya Marekani ilimuuliza mkuu wa kampuni ya magari ya Chrysler, K.T. Keller, iwapo kampuni yake ingeweza kuunda vifaru. Alikubali, ingawa inasemekana hakuwa amewahi kukiona kifaru kwa macho yake. Kiwanda kikajengwa kwenye mashamba nje ya Detroit, na Aprili 1941 jeshi likakabidhiwa kifaru cha kwanza.

Tatizo likawa injini. Zilizotumika zilikuwa za asili ya ndege, na ndege nazo zilizihitaji. Mafundi wa Chrysler wakachukua injini tano za magari ya kawaida, kila moja ya silinda sita, wakazipanga kuzunguka kasha moja na kuziunganisha kwa gia ili ziendeshe shafti moja. Silinda 30 ndani ya kifaru kimoja! Mtambo huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba bodi ya kifaru aina ya Sherman ililazimika kurefushwa kwa takriban sentimita 28.

Jeshi la Marekani halikuupenda, likihofia ugumu wa kuutengeneza vitani. Vifaru hivyo, 7,499 kwa jumla, vingi vikapelekwa Uingereza, ambayo haikuwa na nafasi ya kuchagua. Waingereza waliona injini hiyo ni imara kuliko ilivyodhaniwa, na mwaka 1944 wao pamoja na Wakanada na Wapoland walipigana navyo Normandy.

Chrysler iliendelea kuunda vifaru hadi mwaka 1982, ilipoiuzia General Dynamics kitengo hicho.